Chupa hii ni ya jicho hili

Kabla mgonjwa hajaondoka na dawa yake ya macho, humwomba jambo moja: "Hebu nionyeshe utakavyoiweka." Simfundishi kwanza. Namwacha anawe mikono, afungue chupa yake mwenyewe, dozi ya kwanza aiweke mbele yangu. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya macho, na dakika ile moja hunionyesha mengi kuliko maswali yote niliyomuuliza akiwa kwenye kiti. Mwingine hubinya chupa kwa nguvu, matone manne yakamteremka shavuni na lisiingie hata moja. Mwingine huegemeza mdomo wa chupa kwenye kope ili mkono usitetemeke. Mwingine hufumba jicho kabla tone halijadondoka, akiamini limeingia kwa kuwa amesikia ubaridi.

Wote hao ni watu makini, wamepanga foleni, wamenunua dawa na wanataka kupona. Ila hakuna aliyewahi kuwaelekeza. Kidonge ukishakimeza kinakwenda chenyewe. Dawa ya jicho inategemea mkono wako: mkono huo ndio unaoamua kama antibiotiki itafika ilikotumwa, na kama chupa itabaki safi mpaka siku ya mwisho. Kliniki nayaeleza haya nikiwa nimesimama, mgonjwa anayefuata yuko mlangoni. Hapa nina nafasi, nitayasema taratibu.

Nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Jicho kuwa jekundu hakumaanishi kwamba linahitaji antibiotiki. Antibiotiki inaua bakteria, basi. Kwa watu wazima, macho mekundu yanayoambukizana mara nyingi huletwa na virusi, hasa jamii ya adenovirusi: macho yanatiririka maji, yanakwaruza kama yana mchanga, yanaanzia jicho moja na baada ya siku chache la pili linafuata, na pengine kuna mafua au koo linalouma. Hayo huchukua wiki mbili hivi, wakati mwingine tatu, na hakuna tone la antibiotiki litakaloyaharakisha. Mzio nao hutia macho wekundu, lakini dalili yake kubwa ni kuwasha, macho yote mawili kwa pamoja, mtu anajikuna mpaka kope zinavimba. Bakteria, ambao huwapata zaidi watoto, huleta matongotongo mazito ya njano au kijani, yanayogandisha kope asubuhi mpaka zifunguliwe kwa maji ya uvuguvugu. Hata hivyo dalili hizi huingiliana, na daktari mwenye uzoefu naye hulazimika kuangalia kwa darubini kabla hajaamua. Ndiyo sababu dawa hizi huandikwa na mtu aliyekuangalia.

Sasa, kwa kuwa macho mekundu mengi hupona yenyewe, hata baadhi ya yale ya bakteria, dawa yoyote iliyowekwa katikati ya ugonjwa husifiwa. Mtu anaazima chupa ya dada yake siku ya nne, siku ya kumi jicho linakuwa jeupe, na chupa ile inapata jina ukoo mzima. Mwaka unaofuata inatolewa kabatini tena, safari hii kwa shangazi mwenye jicho linalouma kwa sababu nyingine kabisa.

Hapo ndipo ninapopata hofu ya kweli. Chupa nyingi za macho zinazofanana kwa nje hazina antibiotiki peke yake. Zina dawa mbili: antibiotiki pamoja na steroidi, kwa mfano deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni. Steroidi hupunguza uvimbe na wekundu kwa kasi ya ajabu. Mgonjwa analala na jicho jekundu, anaamka jeupe, anasema hii ndiyo dawa. Ikiwa daktari ameiandika kwa sababu maalumu, kwa muda maalumu, huku akikupima, ni dawa nzuri sana na mimi naiheshimu. Lakini kama wekundu ule uliletwa na virusi vya hepesi vilivyokaa kwenye kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu ya mbele, steroidi inazima ulinzi wa mwili na kuviachia virusi nafasi ya kula kioo kile. Kidonda kinazidi kina, kikipona kinaacha kovu, na kovu likiwa katikati ya kioo uoni haurudi ulivyokuwa. Na ikiwa mtu atajiwekea steroidi kwa wiki nyingi bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote na kuharibu mshipa wa fahamu wa jicho, au mtoto wa jicho akajitokeza mapema. Nimekaa na kijana aliyekuwa akijinunulia tyubu ya aina hiyo kila macho yalipomwasha. Alikuja kwa sababu aliona pembeni pana giza. Uoni uliopotea kwa presha ya jicho hatuwezi kuurudisha, tunalinda uliobaki.

Kwa hiyo tafadhali, soma boksi. Ukiona moja ya majina yale ya steroidi, hiyo si chupa ya kuanza kuitumia kwa kuwa tu imebaki, wala ya kumwazima mtu.

Hata antibiotiki tupu, chupa ileile moja, hutumiwa kwa ratiba mbili zisizofanana kabisa. Chukua siprofloksasini ya asilimia 0.3. Kwa maambukizi ya kawaida ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, maelekezo yake ni tone moja au mawili kila baada ya saa 2 ukiwa macho kwa siku 2 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 4 kwa siku 5 zinazofuata. Kwa kidonda cha kioo cha jicho, siku ya kwanza ni matone mawili kila dakika 15 kwa saa 6 za mwanzo, halafu kila nusu saa kwa muda wote uliobaki wa siku hiyo. Usiku mgonjwa anaamshwa. Familia hupokezana. Wakati mwingine dawa hiyo huacha chembe nyeupe juu ya kidonda, na watu hushtuka wakidhani jicho linaoza, kumbe ni dawa yenyewe imeganda na kwa kawaida huisha taratibu. Mwenye kidonda akifuata ratiba ya jirani yake mwenye matongotongo, anaweza kulipoteza jicho huku akiwa na dawa sahihi mkononi.

Haya, tuje kwenye kuweka.

Nawa mikono kwa sabuni, kausha. Kama jicho lina uchafu, usafishe kwanza, maana tone linalodondokea juu ya usaha hubaki juu ya usaha. Chukua pamba safi, ichovye kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, pangusa kuanzia upande wa puani kwenda nje, mara moja, kisha tupa. Ukitaka kupangusa tena, chukua nyingine. Jicho la pili lina pamba zake.

Angalia chupa. Baadhi ya chupa zina kipete cha plastiki kilichobaki shingoni baada ya kukata kizibo, na kikilegea kinaweza kuangukia jichoni. Kitoe. Kama lebo inasema tikisa, tikisa vizuri, kwa kuwa dawa nyingine ni unga uliochanganywa na maji na hutuama chini. Kama haisemi, acha. Kizibo ukikiweka mezani, kilaze kwa ubavu juu ya kitu safi, sehemu ya ndani isiguse chochote.

Kaa na uegemeze kichwa nyuma, au lala chali. Kwa anayejiwekea mwenyewe napenda sana kulala chali, mto ukiwa shingoni. Kwa kidole cha mkono mmoja vuta kope la chini kwenda chini, patokee kimfuko kidogo. Tone linakwenda humo, wala si juu ya mboni, kwa sababu likipiga mboni jicho litafumba lenyewe kabla hujataka. Tazama juu, mbali na chupa. Mkono wenye chupa uupumzishe kwenye paji la uso au juu ya ule mkono mwingine, ndipo utetemeko unapotulia. Chupa iwe karibu, lakini isiguse kope, isiguse nywele za kope, isiguse jicho, isiguse kidole. Bonyeza taratibu. Tone moja.

"Tone moja tu? Si ningeongeza la pili ili ipone haraka?" Naulizwa hivyo karibu kila wiki, na nina jibu lenye hesabu. Tone la kawaida lina mikrolita 30 hadi 50. Jicho haliwezi kushika zaidi ya mikrolita 30 hivi, na sehemu ya nafasi hiyo tayari ina machozi. Tone moja limeshajaza. La pili, likifuata papo hapo, linaosha la kwanza na yote mawili yanaishia shavuni. Daktari akiandika matone mawili, au akiandika dawa mbili tofauti, acha angalau dakika 5 kati ya moja na nyingine. Tone likikosa jicho kabisa, weka jingine bila wasiwasi.

Likishaingia, fumba jicho pole pole, usilikaze na usipepese. Weka ncha ya kidole kwenye kona ya jicho upande wa puani, kandamiza kidogo kwa dakika moja au mbili. Pale pana tundu dogo la kupitishia machozi kwenda puani na kooni, na ndiyo maana baada ya kuweka kloramfenikoli, mojawapo ya antibiotiki hizi, watu husikia uchungu mdomoni. Uchungu ule ni dawa iliyotoroka. Ukiziba njia, dawa inakaa na jicho kwa muda mrefu zaidi na kidogo sana inaingia mwilini. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ninayoisisitiza zaidi kwa wajawazito, kwa watoto na kwa wazee wenye dawa nyingine nyingi.

Mama yangu mzazi ana vidole vilivyokakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Kubinya chupa ngumu kwake ni kazi, na kujua kama tone limeingia ni kazi ya pili kwa sababu ngozi ya uso wake haihisi vizuri kama zamani. Dawa yake mfamasia alisema ikae kwenye jokofu, na hilo likatusaidia: tone la baridi analitambua mara moja kama limefika jichoni au limeishia kwenye kope. Analala kitandani, anavuta kope kwa mkono wa kushoto, chupa anaishika kwa ngumi nzima badala ya vidole viwili. Ilipokuwa chupa nyingine ngumu zaidi, tulimtafutia kishikio cha plastiki kinachovikwa chupani, kinauzwa kwa ajili hiyo hiyo. Nayaeleza haya kwa kuwa wazee wengi huona aibu kusema kwamba hawawezi. Wanarudi nyumbani, wanajaribu, dawa inamwagika, siku ya tatu chupa imekwisha na jicho liko palepale. Mwulize mzee wako kwa heshima, akuonyeshe. Usimwulize kama anaweza, atakwambia anaweza.

Kwa mtoto mdogo anayepiga mateke, kumkamata kwa nguvu na kumfungua jicho kunamfanya aogope kila dozi inayofuata. Mlaze chali, mwambie afumbe macho. Dondosha tone kwenye kona ya jicho upande wa puani, likae hapo kama kidimbwi. Kisha mwambie afumbue, au subiri tu, atafumbua mwenyewe kuona kinachoendelea, na dawa itaingia. Kwa mtoto mchanga mfunge kwenye shuka mikono ikiwa ndani. Mzazi mwenzako akiwepo, mmoja ashike kichwa, mwingine aweke dawa. Mtoto akilia sana, machozi yatasomba dawa, ngoja atulie.

Dawa ya tyubu, ile ya mafuta, ina tabia zake. Tetrasaiklini ya asilimia 1 na kloramfenikoli ya asilimia 1 ndizo nyingi tunazokutana nazo. Ishike tyubu mkononi kidogo ipate joto, mafuta yalainike. Vuta kope la chini vilevile, kamua uzi mwembamba wa urefu wa sentimita 1 hivi ndani ya kimfuko, kuanzia kona ya ndani kwenda nje, bila ncha ya tyubu kugusa. Zungusha tyubu kidogo ili uzi ukatike. Fumba jicho, lizungushe ndani ya kope mafuta yatandae. Ziada pangusa kwa pamba safi. Utaona ukungu kwa dakika kadhaa, na huo si ubaya wa dawa, ni mafuta yamefunika kioo. Usiendeshe gari wala baiskeli, usishike mashine wala kisu mpaka ukungu utoke. Madaktari wengi huandika tyubu itumike usiku na matone mchana kwa sababu hiyo. Na kama una vyote viwili kwa wakati mmoja, matone kwanza, tyubu mwisho. Ukitanguliza mafuta, tone litateleza juu yake.

Nirudi kwenye mdomo wa chupa, kwa sababu ndio unaonisumbua akili. Ukigusa kope yenye ugonjwa, bakteria hupanda pale, na chupa inapoachiwa baada ya kubinywa hunyonya hewa ndani, pamoja na kile kilichopo mdomoni. Tangu hapo kila tone linaweza kurudisha ugonjwa uleule, au kuupeleka kwenye jicho lisilo na ugonjwa. Chupa nyingi zina kihifadhi cha kuzuia vijidudu visizaliane, lakini kihifadhi kina kikomo na hakiwezi kushindana na uchafu unaoongezwa kila siku. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ni kutupa chupa siku 28 baada ya kuifungua, hata kama imebaki nusu, na hata kama tarehe ya boksi ni ya mwaka ujao. Tarehe ya boksi inahusu chupa iliyofungwa. Andika siku uliyoifungua kwa kalamu kwenye lebo. Zile za vichupa vidogo vya dozi moja hazina kihifadhi kabisa: ukifungua, tumia, tupa kilichobaki, usiweke cha jioni.

Anayedhani natia chumvi akumbuke yaliyotokea Marekani mwaka 2023. Machozi bandia, matone ya kulainisha tu jicho kavu, yalichafuliwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa aliyekuwa sugu kwa dawa nyingi. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo kilihesabu wagonjwa 81 katika majimbo 18. Watu 14 walipoteza uoni, 4 waliondolewa jicho, na 4 walikufa. Uchafu ule haukutoka nyumbani kwa wagonjwa, nao hawakuwa na namna ya kuuona kwa macho. Lakini unatuonyesha jicho ni mlango wa aina gani pale kijidudu kinapopewa chupa ya kukaa.

Kwa mantiki hiyohiyo, chupa haigawanywi. Mama mmoja alinieleza, kwa mapenzi matupu ya mzazi, jinsi alivyowawekea watoto wake wote kutoka chupa moja, akianza na mgonjwa kisha wazima "kuwakinga". Nilimshika mkono nikamweleza kwamba matone hayakingi asiyeumwa, na kwamba mdomo wa chupa ungeweza kubeba ugonjwa kutoka kwa mmoja hadi kwa wote. Kinachokinga ni kila mtu kuwa na taulo lake na mto wake, mikono kunawiwa, na macho kutosuguliwa. Hata kwa mtu mmoja, ikiwa ameandikiwa jicho moja, weka hilo moja. Ikiwa ni yote mawili, tanguliza lenye nafuu.

Wanaovaa lenzi ndani ya jicho, nawaomba mnisikilize kwa makini zaidi. Vua lenzi mara tu jicho linapokuwa jekundu, na usizirudishe mpaka aliyekutibu aseme. Kihifadhi cha matone mengi, benzalkoni kloridi, hunywewa na lenzi laini na kubaki kikiunguza kioo cha jicho. Kibaya zaidi, jicho jekundu linalouma chini ya lenzi linaweza kuwa na kidonda cha Pseudomonas, ambacho huweza kutoboa kioo katika muda mfupi sana. Hilo halisubiri asubuhi ya kesho kutwa. Nenda siku hiyohiyo, na lenzi pamoja na kikasha chake uende navyo, maabara inaweza kuvihitaji.

Kuhusu tyubu zinazofanana sitasema mengi. Dawa ya masikio haiingii jichoni. Krimu ya ngozi haiingii jichoni hata kama jina la antibiotiki ni lilelile, kwa kuwa haikutengenezwa kwa usafi ambao jicho linataka. Na gundi kali ya vichupa vidogo isikae droo moja na dawa ya macho. Watu wameiweka jichoni gizani wakidhani ni matone, kope zikagandana. Washa taa, soma jina, kila dozi.

"Nimalize dozi au niache nikipona?" Fuata siku ulizoandikiwa. Ukikatisha siku ya pili kwa kuwa wekundu umepungua, bakteria waliobaki wanapata nafasi ya kurudi. Lakini kuendelea wiki baada ya wiki kwa kuwa chupa bado ina kitu ni kosa la upande wa pili, na mimi naliona mara nyingi zaidi: uso wa jicho unachubuka na dawa yenyewe, mtu anapata wekundu mpya, anaongeza matone, wekundu unaongezeka. Antibiotiki iitwayo neomaisini hasa ina sifa ya kuleta mzio: kope zinavimba, ngozi inayozunguka jicho inawasha na kukauka. Ukiona jicho lilikuwa linapona kisha ghafla linawasha na kuvimba baada ya kila tone, simamisha, rudi. Kuwaka kidogo kwa sekunde chache baada ya tone ni kawaida. Kuwaka kunakoendelea si kawaida. Na kabla ya kuanza kloramfenikoli mwambie daktari kama wewe au mtu wa damu yako aliwahi kuwa na ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu. Madhara hayo ni nadra mno, lakini swali lake ni la nusu dakika.

Baada ya siku 2 za dawa kuwekwa sawasawa, maambukizi ya kawaida ya bakteria yanapaswa kuonyesha nafuu. Kama hakuna, usiongeze matone, rudi uangaliwe. Na kuna mambo ambayo hayasubiri hata siku hizo 2: maumivu ya ndani ya jicho, mwanga kuumiza, uoni kufifia usiosafika ukipepesa, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, jicho lililochomwa na mti, jani au chuma, na jicho lililomwagikiwa na kemikali, ambalo kwanza linaoshwa kwa maji mengi yanayotiririka kwa nusu saa hivi ndipo safari ya hospitali ianze.

Mtoto mchanga ana sheria yake. Usaha na uvimbe wa kope katika mwezi wa kwanza wa maisha usitibiwe nyumbani kwa tyubu ya mtu mwingine. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Carl Credé alichapisha matokeo yake ya kuwawekea watoto tone la nitrati ya fedha mara wanapozaliwa, kwa sababu kisonono walichokipata njiani wakati wa kuzaliwa kilikuwa kikiwapofusha kwa wingi. Siku hizi nchi nyingi hutumia tetrasaiklini ya asilimia 1 au erithromaisini ya asilimia 0.5 mara moja tu baada ya kuzaliwa. Hiyo ni kinga. Ugonjwa ukishaingia, kisonono cha macho kinaweza kutoboa kioo cha jicho la mtoto ndani ya muda mfupi, na tiba yake ni sindano, wakati klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa ambao mtoto huupata kwa njia hiyohiyo, inahitaji dawa ya kunywa. Tyubu peke yake haitoshi kwa lolote kati ya hayo mawili, na mama na mwenzi wake nao wanatibiwa.

Ukija kwetu kwa mara ya pili, njoo na kila kitu ulichoweka jichoni, chupa, tyubu na maboksi yake, hata vilivyokwisha, hata ulichoazimwa. Sitakugombeza. Nahitaji kujua jicho limekutana na nini, na wagonjwa wengi hawakumbuki jina ila rangi ya kizibo. Kisha nitakuomba uniwekee tone moja mbele yangu.